Vipepeo wa leso moja

Ukiteremka matatu pale Gede na kufuata njia ya kwenda magofuni, utaikuta nyumba kubwa ya wavu. Ndani hamna kuku wala miche, wanaruka vipepeo. Ni nyumba ya mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, na ambao tangu hapo umewapa wakulima wa vijiji vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kazi ya kufuga viwavi na kuuza pupa. Pupa hao hulazwa kwenye pamba, hufungashwa, hupanda ndege, na siku chache baadaye hutoka mabawa katika nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani.

Nilikuwa pale na kijana mmoja wa chuo, simu yake imejaa picha. Asubuhi ile alikuwa amewapiga picha vipepeo watatu. Mmoja mweusi mwenye mabaka makubwa meupe. Wa pili wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi. Wa tatu wa manjano hafifu, nyuma ana mikia miwili kama ya mbayuwayu. "Spishi tatu," akasema. Mama mmoja mfugaji, aliyekuwa ameleta trei yake ya pupa, akamtazama kisha akacheka.

"Tatu wapi, mwanangu? Hao wote mama yao mmoja. Mayai nimeyaokota mwenyewe, majani nimewakatia mwenyewe."

Kijana aliitazama simu, akamtazama mama, akairudia simu. Simlaumu. Alichokisema mama kwa pumzi moja kiliwasumbua mabingwa wa Ulaya karibu miaka mia moja, na walikuja kukimaliza kwa kutumia vipepeo waliokufa zamani, waliochomwa pini na kupangwa kabatini.

Sisi wa pwani leso tunaijua. Leso mbili zaweza kuwa na pindo moja, mji mmoja na rangi zile zile, lakini ukisoma jina unakuta hii inasema hivi na ile inasema vingine kabisa. Anayetazama kutoka ng'ambo ya barabara ataapa kuwa ni doti moja. Vipepeo nao wana leso zao, na iliyo maarufu kuliko zote katika Afrika ni ile ya rangi ya chungwa yenye pindo jeusi na baka jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele. Mwenyewe ni Danaus chrysippus. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, sumu ya utomvu hubaki mwilini mpaka ukubwani, na ndege akimwonja mara moja hana hamu ya kumrudia.

Wengine wakaazima vazi hilo. (Nasema "wakaazima" kwa urahisi wa maneno tu, hakuna kipepeo aliyekaa akapanga. Aliyefanana kidogo aliachwa na ndege, asiyefanana akaliwa, vizazi kwa vizazi.) Jike wa Hypolimnas misippus amelivaa, ilhali mumewe ni mweusi tii mwenye mabaka meupe, ukiwaona pamoja huwezi kudhani wana uhusiano. Acraea encedon amelivaa, na huyo si wa kuazima tu, naye mwenyewe ladha yake mbaya. Na mojawapo ya sura za jike wa Papilio dardanus (hilo ndilo jina la wale watatu wote wa kijana), ndiye yule wa pili katika simu yake, amelivaa pia.

Hapo ndipo fundo lilipo. Leso moja huvaliwa na watu mbalimbali, na mtu mmoja anaweza kuwa na leso nyingi. Anayeainisha kwa kutazama mabawa anaweza kukosea kwa njia mbili zinazopingana: kuwatenganisha ndugu, au kuwaunganisha wasiojuana. Na macho makali hayasaidii sana, kwa kuwa mabawa yenyewe ndiyo yanayodanganya.

Kosa la kuwatenganisha ndugu ndilo lililompata Papilio dardanus. Katika karne ya 18 na ya 19, vipepeo kutoka Afrika walifika Ulaya kwa meli, wawili watatu kwa wakati, na kila aliyepokea sura mpya alimpa jina jipya. Mwenye mikia, wa manjano, akaitwa merope. Mwingine akaitwa cenea, mwingine hippocoon, mwingine trophonius. Vitabu vikaandikwa hivyo, na kila jina likawa na droo yake.

Roland Trimen, mtafiti wa vipepeo aliyeishi Cape Town, aliona jambo ambalo wenye droo hizo hawakuliona, nalo halikuwa kwenye rangi. Alihesabu jinsia. Katika bara la Afrika kila merope aliyeletwa alikuwa dume. Kila cenea, kila hippocoon, kila trophonius alikuwa jike. Ni sawa na kusikia kuwa kuna kijiji cha wanaume watupu, na kando yake vijiji vitatu vya wanawake watupu, na vyote vinazaa watoto. Mwenye akili hataandika kuwa hayo ni makabila manne. Zaidi ya hayo, kulikuwa na kipepeo wa Madagaska anayefanana mno na merope wa bara, na kisiwani kule jike naye ana mikia na rangi ya manjano kama dume wake. Kumbe hiyo huenda ndiyo sura ya asili, na majike wa bara ndio waliobadili mavazi, kila mmoja akimfuata kipepeo mwenye sumu aliye jirani yake. Yule mweusi mwenye mabaka meupe humwiga Amauris niavius. Wa chungwa humwiga Danaus.

Trimen alichapisha hoja hiyo 1869. Wako waliomdhihaki, akiwemo William Hewitson wa Uingereza, aliyekuwa na mkusanyiko wa vipepeo wa kuonewa wivu. Jibu lilikuja katika miaka ya 1870 huko Afrika Kusini, kwa njia ile ile ya mama wa Gede: mtu aliwafuga viwavi akangoja aone watatoka nini. Wakatoka madume wenye mikia na majike wasio na mikia, wa sura zaidi ya moja. Siku hizi tunajua hata mahali swichi ilipo, kwenye eneo moja la jeni ambalo likibadilika kidogo hubadilisha vazi zima la jike. Jina merope nalo halikudumu, kwa sababu ya sheria nyingine: spishi moja hubeba jina lake la kwanza kuchapishwa. Merope ilitolewa 1777. Dardanus ilitolewa 1776. Mwaka mmoja tu.

Watu hudhani makumbusho huweka kipepeo mmoja mmoja wa kila aina, kama stempu za posta, mkusanyiko ukikamilika kazi imekwisha. Kwa stempu moja Trimen asingeona kitu. Aliyemsaidia ni wingi: droo yenye vipepeo ishirini, hamsini, wanaoonekana kama marudio ya bure. Hesabu ya jinsia haifanyiki kwa mmoja.

Na kuna lebo. Chini ya kila kipepeo, kwenye pini ile ile, kuna kipande cha karatasi kisichozidi ukucha wa kidole gumba: mahali, tarehe, aliyemkamata. Hili ndilo jina la leso. Kipepeo asiye na lebo ni pambo, hata awe mzuri vipi. Mwanzoni mwa karne ya 20, mmisionari K. St. Aubyn Rogers, aliyekaa Rabai, alikuwa akikusanya vipepeo wa pwani yetu na kumpelekea Edward Poulton huko Oxford, ambaye alikuwa ameshikwa na mambo haya ya kuigana. Rabai si mbali na sisi. Ina maana kuna vipepeo wa Kilifi waliolala Uingereza zaidi ya miaka mia moja, kila mmoja na kikaratasi chake.

Lebo zenyewe zinahitaji msomaji anayejua historia. Ikiwa imeandikwa "British East Africa", unajua ni kabla ya 1920, kwani mwaka huo eneo hili likawa Koloni la Kenya. Ikiwa imetaja bandari tu, uwe na wasiwasi: huenda msafiri alimkamata bara, akamtia sandukuni, na aliyeipokea shehena Ulaya akaandika mahali meli ilikotoka. Halafu wapo waliokusanya wazuri tu, wakaacha waliochakaa, au waliokusanya kando ya reli na barabara. Yote hayo hupotosha ramani.

Sasa kosa la pili, la kuwaunganisha wasiojuana. Hili ni gumu zaidi, maana hakuna kinachokushtua. Huna droo nne zinazogombana. Una droo moja iliyotulia.

Acraea encedon alipewa jina na Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, 1758, katika kitabu kile kile ambacho majina yote ya kisayansi ya wanyama huanzia. Miaka zaidi ya mia mbili watu waliandika "encedon" kwenye lebo, kwenye madaftari, kwenye ripoti za utafiti. Mwaka 1976 Jacques Pierre wa Paris akaonyesha kuwa chini ya jina hilo walikuwa wamejificha wawili. Wa pili akamwita Acraea encedana. Mabawa yao ni yale yale, vazi la Danaus, tena kila mmoja ana sura kadhaa na sura hizo zinalingana. Lakini viwavi wao hula mimea tofauti: wa encedon yuko kwenye Commelina, ile mimea midogo ya maua ya buluu inayotambaa mashambani, na wa encedana yuko kwenye mimea ya jamii ya kunde. Na viungo vyao vya uzazi havilingani.

Msomaji mpwani atatahayari kidogo, lakini hapa hakuna sitara: wataalamu wa vipepeo hutumia muda mwingi wakitazama sehemu za siri. Tumbo la kipepeo mkavu hukatwa, likalowekwa kwenye potasi kali. Nyama na mafuta huyeyuka, hubaki sehemu ngumu tu, vibanio vya dume na mirija ya jike, ambavyo husafishwa na kutazamwa kwa hadubini. Kisha huhifadhiwa kwenye kichupa kidogo kinachorudishwa kwenye pini ya mwenyewe. Sababu ya kuviamini ni kwamba ndege havioni. Bawa hushindana na macho ya ndege, hivyo huvutwa kufanana na la jirani. Viungo hivi havina wa kumwiga.

Fikiria maana ya mwaka 1976 kwa mtu aliyefanya utafiti kabla yake. Kila ripoti ya zamani iliyosema "encedon" sasa ina shaka: alikuwa encedon au encedana? Daftari haliwezi kujibu. Mwandishi aliandika alichojua, na hakujua kuwa kuna swali. Picha nayo inaonyesha mabawa tu, yale yale yanayodanganya. Lakini kama alimhifadhi kipepeo mwenyewe, unaweza kumtoa droo, ukaloweka tumbo lake, ukamuuliza swali ambalo aliyemkamata hakuwahi kulifikiria. Kwangu hii ndiyo hoja kubwa ya kuweka vielelezo, kuliko zote zinazotajwa kwenye hotuba. Maandishi hutoa ushahidi mara moja tu. Mwili uliohifadhiwa unaweza kuitwa tena kizimbani.

Umeitwa tena, na safari hii kwa ajili ya DNA. Muundo wa DNA ulijulikana 1953, miaka mingi baada ya mmisionari wa Rabai kuchoma pini zake. Hata hivyo katika mguu mmoja wa kipepeo mkavu mara nyingi hubaki DNA ya kutosha kusomeka. Imekatikakatika, kama barua iliyoliwa na mchwa, vipande vifupi vifupi, na baadhi ya herufi zimeharibika kwa umri. Mashine za zamani zilitaka uzi mrefu, zikashindwa. Mashine mpya hufanya kazi kwa vipande vifupi hivyo hivyo, mamilioni kwa pamoja, na kompyuta ikavipanga. Wahifadhi wa makumbusho hawaufurahii mguu unaokatwa, na wana haki: kipepeo ana miguu sita tu, na watafiti hawataisha.

Tangu 2003 imeenea njia ya kusoma kipande kimoja maalumu cha herufi 658, kutoka kwenye mitokondria (vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, vyenye DNA yao wenyewe), na kukitumia kama alama ya spishi. Ni njia ya haraka, na imefichua mengi. Ulaya kulikuwa na kipepeo mweupe mdogo wa kawaida, Leptidea sinapis. Mwishoni mwa miaka ya 1980 viungo vya uzazi vikamgawa wawili, na 2011 DNA na hesabu ya kromosomu zikamgawa watatu. Wengi wa wale wa Ireland, waliokwisha kuhamishwa kutoka jina la kwanza kwenda la pili, wakahamishwa tena kwenda la tatu. Hawakusogea hata inchi moja kwenye droo zao. Lebo ndizo zilizokuwa zikibadilika.

Lakini kipande hicho cha mitokondria kina udhaifu ambao wapenzi wake hawapendi kuutaja kwa sauti. Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Na wako bakteria, Wolbachia, wanaoishi ndani ya seli za wadudu, ambao nao hurithiwa kwa mama peke yake. Katika Acraea hawa wawili, Wolbachia huua watoto wa kiume wakiwa bado mayai. Kwa bakteria dume hana faida, hawezi kumpeleka kizazi kijacho. Uganda kuna makundi ya vipepeo hawa ambamo kumpata dume ni kazi. Sasa, ikitokea mara moja kwa bahati spishi mbili zikapandana, jike mwenye Wolbachia anaingia upande wa pili, bakteria anaenea, na kila anakoenea anakokota mitokondria ya yule mama wa kwanza. Ndivyo ilivyotokea kati ya encedon na encedana. Anayesoma mitokondria peke yake anaweza kuambiwa hao ni wamoja. Viungo vya uzazi vinasema wawili, chakula cha viwavi kinasema wawili, na jeni za kwenye kiini cha seli zinasema wawili. Ushahidi wa upande wa mama ulikuwa umenunuliwa.

Na Danaus mwenyewe, mwenye leso, usidhani amesalimika. Afrika Mashariki wengi wao hawana ile ncha nyeusi wala baka jeupe. Bawa la mbele ni chungwa mpaka mwisho. Hao waliitwa dorippus tangu 1845. Kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa sura tu ya chrysippus, kisha mwanzoni mwa karne hii wako waliodai ni spishi kamili. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa jenomu nzima, yaani DNA yote ya kipepeo, miongoni mwa waandishi wake akiwa Ian Gordon, yule yule aliyeanzisha mradi wa Kipepeo hapa Gede. Jibu: sehemu kubwa ya jenomu zao imechanganyika, tofauti zimejikusanya mahali pachache, na mojawapo ni kromosomu inayobeba rangi. Hapo kati, karibu na Nairobi, sura hizo zinapokutana, yumo bakteria mwingine anayeua madume, na amekokota kromosomu hiyo ya rangi pamoja naye. Kwa hiyo bado ni spishi moja yenye mavazi tofauti. Mimi nimeridhika na jibu hilo, ingawa siwezi kuahidi kuwa halitafunguliwa tena.

Limebaki jambo la sheria, nitalipita upesi. Spishi ikigawanywa, jina la zamani linabaki kwa nani? Linabaki kwa yule anayefanana na kielelezo kimoja tu, kilichochaguliwa kuwa mfano rasmi wa jina. Makumbusho ya London huvipa vielelezo hivyo kibandiko cha duara chenye ukingo mwekundu. Awe amechakaa, awe amepoteza bawa, jina ni lake, na wengine wote hupimwa kwake. Ndiyo maana mgogoro kuhusu kipepeo wa Sokoke unaweza kuamuliwa kwenye chumba baridi cha Ulaya ambacho mwenye msitu hajawahi kukiona. Nairobi nako kuna mkusanyiko mkubwa, kwenye Makumbusho ya Taifa, lakini vielelezo vya majina ya zamani vingi viliondoka na meli.

Turudi Gede. Kijana alikuwa bado anabishana, sasa kwa upole, anauliza maswali badala ya kutoa majibu. Mama akamwonyesha kwenye sakafu ya nyumba ya wavu kipepeo aliyekufa asubuhi ile, jike mweusi wa mabaka meupe, mabawa hayajaharibika. Kwa kawaida hufagiwa.

"Una karatasi?" mama akaniuliza.

Nilikuwa na risiti. Nikamwonyesha namna ya kuikunja pembe tatu iwe bahasha, mabawa yakiwa yamefungwa ndani. Kijana akaandika juu yake kwa kalamu ya risasi, kwa kuwa wino huvuja: Gede, tarehe, nyumba ya wavu, Papilio dardanus, jike. Akataka kufunga.

"Bado," mama akasema. "Andika na mama yake. Trei ya tatu, yule wa chungwa."

Akaandika.